Msimu Upi wa Kuzuru Mbeya na Iringa? Somo kwa Mlaji Anayepanga Safari

Safari ya mapumziko ni bidhaa kama zilivyo bidhaa nyingine. Hulipiwa fedha, aghalabu kabla haijaonekana, na mnunuzi hawezi kuirudisha dukani pindi akiona haikumridhisha. Ina sifa moja inayoitofautisha na sukari au shati: ubora wake hutegemea tarehe inapotumika. Chumba kilekile, gari lilelile na hifadhi ileile vyaweza kumpa msafiri furaha mwezi Februari na kumwachia majuto mwezi Agosti, au kinyume chake. Kwa hiyo anayenunua safari hununua pia msimu, hata kama neno hilo halikuandikwa popote katika risiti yake.

Somo hili linahusu mikoa miwili ya Nyanda za Juu Kusini ambayo Watanzania wengi huizuru kwa matembezi, kwa harusi, kwa mahafali ya vyuo au kwa kwenda kuwasalimu wazee. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza jinsi mwaka wa Mbeya na Iringa unavyogawanyika, kulinganisha anachokitaka na mwezi unaokitoa, kupima kama punguzo la bei ni la kweli, na kuuliza maswali yafaayo kabla ya kutoa arbuni.

1. Kalenda ya Pwani si kalenda ya Nyanda za Juu

Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar amezoea mwaka wenye mvua mbili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwake yeye Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Akiibeba kalenda hiyo hadi Mbeya au Iringa, itampotosha. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Novemba na kukoma Aprili au Mei. Januari, ambapo mkazi wa Pwani husema masika bado, ndiyo kilele cha mvua huko juu. Nao Oktoba, mwezi ambao Pwani huanza kutazamia vuli, Iringa huwa ni vumbi na nyasi kavu.

Tofauti ya pili ni baridi. Mji wa Iringa upo kwenye kimo cha takribani mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Jiji la Mbeya takribani mita 1,700. Kuanzia Juni hadi Agosti, yaani majira ya kipupwe, usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na katika nyanda za juu zaidi za Kitulo na Makete huonekana sakitu juu ya majani alfajiri. Mchana jua huwaka, hewa huwa safi, na mgeni hushangaa kuona watu wamevaa makoti chini ya anga la buluu.

Tofauti ya tatu ni kwamba mikoa hii haifanani ndani yake. Tukuyu, penye vilima vya chai, ndizi na maparachichi chini ya Mlima Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ipo bondeni kwenye joto, hata wakati Mbeya mjini watu wanaota moto. Kwa sababu hiyo, swali la kusema "hali ya hewa ya Mbeya ikoje?" halitoshi. Taja mahali hasa unapokwenda.

2. Kila mwezi una mali yake

Kiangazi: Juni hadi Oktoba. Huu ndio msimu wa kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyo kilomita takribani 130 kutoka Iringa mjini. Nyasi hufifia, miti hupukutisha majani, na wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki, hivyo huonekana bila kutafutwa sana. Mwezi Juni madume ya tandala mkubwa huonekana kwa urahisi kwa kuwa ni wakati wa kujamiiana kwao. Kadiri kiangazi kinavyosonga, Mto Ruaha Mkuu hupungua. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kabisa kutiririka mwishoni mwa kiangazi, na viboko na mamba hubanana kwenye madimbwi. Anayelipia safari ya Oktoba ajue kwamba ataona wanyama wengi, na ataona pia mto ulioumia.

Kiangazi kinafaa vilevile kwa matembezi ya miguu. Nguzo za udongo na zana za mawe za Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa kwenye barabara ya Mbeya, hutembelewa kwa raha wakati korongo likiwa kavu. Nenda asubuhi, kwani mchana kivuli ni haba. Makumbusho ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, ambapo fuvu lake limehifadhiwa tangu liliporejeshwa nchini mwaka 1954, na Makumbusho ya Boma katikati ya mji wa Iringa hayategemei msimu, na ni akiba nzuri kwa siku yoyote ya mvua. Kwa upande wa Mbeya, njia ya kupanda msitu hadi ukingo wa Ziwa Ngosi huwa ngumu kiasi tu wakati wa ukavu; mvua zikiwa zimeanza huteleza, na ukungu huweza kulifunika ziwa lote msafiri akiwa amesimama ukingoni. Kimondo cha Mbozi, ambacho tangu mwaka 2016 kimo katika Mkoa mpya wa Songwe, huonekana mwaka mzima.

Kiangazi kina hasara zake. Kuanzia Septemba moshi wa mioto ya mashamba na vumbi huweza kufifisha mandhari, hivyo anayetaka picha safi za milima asingoje hadi Oktoba. Aidha, siku za mwanzo wa Agosti maonesho ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale huijaza Mbeya wageni. Asiyekwenda kwa ajili ya maonesho hayo, na asiweke chumba mapema, ataishia kukilipia kwa bei ya shida.

Mvua: Desemba hadi Aprili. Huu ni msimu unaodharauliwa isivyo haki. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huchanua katika miezi hii, wala si katika mingine. Ipo kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,500, na ina aina nyingi za maua ya okidi yanayomea ardhini. Anayekwenda Julai ataona majani makavu, baridi na ukungu. Anayekwenda Septemba hadi Novemba atatembea kwa raha zaidi juani, ila maua atayaona machache. Anayetaka maua hana budi kukubali matope.

Ruaha nayo wakati wa mvua hugeuka kuwa ya kijani. Wanyama hutawanyika na nyasi ndefu huwaficha, na baadhi ya njia za ndani huwa hazipitiki. Lakini ni wakati bora kwa mpenda ndege, kwani hifadhi hiyo ina zaidi ya aina 500 za ndege na wahamao huwa wamefika. Mezani nako mvua huleta vyake: uyoga sokoni, mahindi mabichi ya kuchoma, na ulanzi mbichi huko Iringa, kwani mianzi hugemwa wakati wa mvua.

Tahadhari ya msimu huu ni barabara na mito. Njia ya kupanda Kitulo kutokea Chimala kupitia Matamba huitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Ni ya kuvutia, lakini katika mvua si njia ya gari dogo wala ya dereva mgeni. Huko Rungwe, Mto Kiwira hujaa na mawe ya kandokando yake huteleza. Pale Daraja la Mungu na Kijungu usikaribie ukingo kwa ajili ya picha. Kyela, mito hufurika hasa kuelekea mwisho wa mvua.

Miezi ya mpito: Mei na Novemba. Mei mvua zinaaga, nchi bado ni ya kijani, vumbi halijaanza, na watalii bado ni wachache. Novemba ni kamari: mvua yaweza kuanza mapema au kuchelewa. Kwa anayetaka bei nafuu na hali ya wastani, Mei hustahili kufikiriwa kabla ya miezi mingine.

3. Je, maua na wanyama kwa safari moja?

Wapo wauzaji wa safari wanaoahidi "maua ya Kitulo na wanyama wa Ruaha kwa wiki moja" mwezi wowote wa mwaka. Msomaji aliyefuata somo hadi hapa anaona shida ilipo: kimoja huhitaji mvua, kingine huhitaji ukavu. Dirisha la kuvipata vyote viwili ni dogo. Lipo mwanzoni mwa Desemba, wakati maua yameanza na wanyama wa Ruaha hawajatawanyika sana. Hata hivyo mvua zikiwahi, dirisha hilo hufungwa. Ahadi ya aina hii ikitolewa kwa mwezi Agosti, mwombe muuzaji aandike katika mkataba ni maua gani utakayoyaona. Muuzaji mkweli atakueleza ukweli wa msimu. Asiye mkweli atakataa kuandika.

4. Kupima punguzo: mfano

Bei tunazozitumia hapa ni za kielelezo tu. Familia ya watu wanne wa Dar es Salaam inataka kuona maua ya Kitulo. Wanapewa chaguo mbili: safari ya Januari kwa shilingi 1,500,000, au safari ileile mwezi Agosti kwa shilingi 1,200,000. Punguzo ni shilingi 300,000, sawa na asilimia 20. Je, wachukue ya Agosti?

Swali la kujiuliza ni moja: kitu ninachokilipia kitakuwepo? Agosti maua hayapo. Familia haitakuwa imeokoa shilingi 300,000. Itakuwa imepoteza shilingi 1,200,000 kwa kitu isichokipata. Hapa punguzo ni la jina tu.

Sasa tuchukue mfano wa pili. Kijana mpenda ndege anaambiwa kwamba siku tatu za Ruaha ni shilingi 1,300,000 mwezi Septemba na shilingi 900,000 mwezi Februari. Anachokitaka yeye kipo Februari, tena kwa wingi kuliko Septemba. Punguzo lake la shilingi 400,000 ni la kweli, mradi ahakikishe gari ni la kumudu matope na kambi imefunguliwa msimu huo.

Kanuni inayopatikana ni hii: bei ya msimu wa chini ni nafuu kwa yule tu ambaye haja yake haipungui katika msimu huo. Kabla ya kutazama bei, andika kwenye karatasi mambo mawili ambayo yakikosekana utaona safari imeharibika. Kisha tafuta mwezi unaoyatoa. Bei ije mwisho.

5. Asiye na hiari ya mwezi

Walaji wengi hawachagui mwezi. Likizo za shule ni Juni na Desemba, na ruhusa ya kazini hufuata matakwa ya mwajiri. Kwao somo linageuka: badala ya kuchagua mwezi, chagua mahali panapofaa mwezi ulionao.

Likizo ya Juni: nenda Ruaha, Isimila na Kalenga. Familia yenye watoto wachanga au wazee wasioweza baridi ya Mbeya iteremke hadi Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ambako hali ni ya joto na mvua imekwisha.

Likizo ya Desemba: nenda Kitulo na Rungwe, ukiwa na makoti ya mvua na viatu vya kukanyagia matope, na utenge angalau siku moja ya akiba kwa ajili ya barabara.

6. Usalama unaoendana na msimu

Kipupwe huleta hatari moja isiyoonekana. Katika nyumba za kulala wageni zisizo na vifaa vya kupasha joto, baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Usilale na jiko la mkaa chumbani hata kama limebaki makaa tu. Kabla ya kulipia chumba mwezi Juni au Julai, uliza kuhusu idadi ya mablanketi na maji ya moto. Hayo ni sehemu ya huduma unayoinunua, wala kuyaomba si kumsumbua mwenye nyumba.

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, safari ya takribani kilomita 830, hupanda Mlima Kitonga kabla ya Iringa na kupita kwenye miinuko mingine yenye malori mengi yaendayo Tunduma. Wakati wa mvua na ukungu, safari ya mchana ni salama zaidi. Basi la usiku laweza kukuokolea siku moja. Pima kama siku hiyo inalingana na hatari yake. Anayetumia ndege kupitia Uwanja wa Songwe aepuke kupanga shughuli muhimu saa chache baada ya muda wa kutua, kwani mawingu ya chini huweza kuchelewesha ndege. Reli ya TAZARA hufika Mbeya lakini haipiti Iringa mjini. Thibitisha ratiba stesheni kabla ya kuitegemea.

7. Kabla ya kutoa fedha

Tunamshauri mlaji awe na majibu ya maswali haya, na yawe kwa maandishi:

(a) Mwezi huo, vivutio vilivyotajwa huwa katika hali gani, na ni vipi visivyofikika?
(b) Bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi, gari, dereva, chakula na kodi, au baadhi tu? Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo kuliko cha mgeni. Hakikisha hesabu imefuata uraia wako, na ubebe kitambulisho.
(c) Barabara ikikatika kwa mvua au hifadhi ikifunga njia, ni kiasi gani kitarejeshwa, na ndani ya siku ngapi?
(d) Je, tarehe yaweza kusogezwa bila kutozwa zaidi?
(e) Mtoa huduma ana leseni ya biashara ya utalii? Mwombe akuoneshe.

Usilipe bei yote miezi kadhaa kabla ya safari isipokuwa masharti ya kurejeshewa yameandikwa wazi. Kila malipo yafuatwe na risiti ya mashine ya EFD. Ada za hifadhi hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, hivyo usimkabidhi mtu fedha taslimu langoni. Wiki moja kabla ya kuondoka, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mamlaka hiyo hutoa pia mwelekeo wa msimu wa mvua za Novemba hadi Aprili kabla mvua hazijaanza, nao humfaa sana anayepanga safari ya Desemba.

Kwa basi, kata tiketi ya kielektroniki mapema, hasa mwezi Desemba. Ukomo wa nauli hutangazwa na LATRA, na wingi wa abiria si ruhusa ya kuuvuka.

8. Safari ikiharibika

Mvua si kosa la mtu. Muuzaji halaumiwi kwa sababu ilinyesha. Hulaumiwa akiahidi kile alichojua msimu hautakitoa, au akikataa kurejesha alichoahidi kurejesha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Malalamiko ya mabasi hupelekwa LATRA au kwa baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini. Ya ndege, kwa baraza la watumiaji wa usafiri wa anga.

Anza kwa kumwandikia mtoa huduma mwenyewe, ukieleza ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai. Ambatisha tangazo, mkataba, risiti na picha zenye tarehe. Lalamiko lenye ushahidi hushughulikiwa upesi kuliko lenye hasira.

9. Maswali ya kujipima

1. Rafiki yako wa Tanga anasema ataenda Mbeya Januari "kwa kuwa mvua hazijaanza". Utamrekebisha vipi?
2. Taja kivutio kimoja kinachohitaji mvua, kimoja kinachohitaji ukavu, na kimoja kisichotegemea msimu.
3. Umepewa punguzo la asilimia 25 kwa safari ya Ruaha mwezi Machi. Ni katika hali gani ungelikubali, na katika hali gani ungelikataa?
4. Familia yako ina likizo ya Juni na bibi asiyeweza baridi. Panga safari ya siku nne, na uandike maswali matatu utakayomuuliza mwenye nyumba ya wageni.

Msomaji anayeweza kuyajibu maswali haya hana haja ya kuuliza tena ni msimu upi ulio bora. Atauliza ni msimu upi unaokifaa kile anachokilipia, na jibu la swali hilo lipo kwenye kalenda kabla halijawa kwa muuzaji.